Kwa Mama Neema, kuhusu kofia ya gego lako

Dodoma,
9 Juni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku mjini, ambako kipupwe kimeanza na vumbi linaingia hadi kabatini. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba karanga zimekubali huko Mpwapwa.

Umeniuliza kama ni kweli kwamba kofia ya gego lako, yaani kile kifuniko kigumu kinachovishwa juu ya jino, kwa kuwa imevuka miaka 10, lazima itolewe na kuwekwa nyingine hata kama haikusumbui. Kwa niliyoyaona katika kazi yangu ya utabibu wa meno kabla sijastaafu, umri peke yake si sababu. Kofia nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, na zipo zinazovuka 20 zikiwa imara, ilhali kila inapobadilishwa jino lililo chini yake huweza kuchongwa tena na kupungua. Kwa hiyo anayekutaka ubadilishe, mwombe kwa heshima akuonyeshe kasoro yenyewe, kwa kioo au kwa picha ya eksirei.

Kofia haiozi, maana ni madini au kauri. Kinachooza ni jino, na mara nyingi uozo huanzia ukingoni, pale kofia inapokutana na jino karibu na fizi. Ukiona chakula kinanasa mahali ambapo zamani hakikunasa, au uzi wa kusafishia meno unachanika kila unapopita hapo, au kuna harufu na ladha mbaya isiyoondoka kwa mswaki, au fizi ya upande huo inavimba na kutoa damu, ujue kuna jambo la kuchunguzwa. Kofia ikianza kucheza, au ukitafuna ukasikia maumivu, usisubiri mavuno yaishe.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kirefu ni kwamba gego lako lilitibiwa mzizi, yaani mshipa wake wa ndani ulitolewa, kabla ya kuvishwa kofia. Jino lenye mshipa ulio hai hushtuka kwa maji ya baridi au chai ya moto, na mwenye nalo akajua. Lako halina tena mshipa wa kukuonya. Uozo unaweza kulila kimya kimya mpaka siku kofia itoke na kipande cha jino kikiwa kimebaki ndani yake, na wakati huo pengine hakuna kilichosalia cha kushikilia kofia mpya. Ndiyo maana, kwako wewe, neno lako kwamba "haliumi" halinitulizi hata kidogo. Nenda likapigwe picha. Madini huzuia kuona kilicho chini ya kofia yenyewe, lakini picha huonyesha kingo za pembeni na ncha ya mzizi, ambako usaha hupenda kujificha.

Ule mstari mweusi unaousema ni madini yaliyo chini ya kauri, ambayo huonekana fizi inaposhuka. Peke yake si ugonjwa, na kwa jino la nyuma kama lako nisingetoa fedha kwa ajili yake. Vivyo hivyo kauri ikimeguka kidogo, daktari anaweza kuisugua tu ikawa laini. Ikimeguka kiasi cha kubadilisha namna unavyouma, hapo ndipo mjadala wa kubadilisha huanza. Na kwa kuwa nakujua, nakusihi usivunje kokwa za ubuyu kwa upande huo.

Ikitokea imetoka, isafishe kwa maji, ihifadhi kwenye kichupa, uende nayo kwa daktari upesi, kwa sababu jino likiwa zima mara nyingi kofia ile ile hubandikwa upya. Usiibandike kwa gundi ya dukani, wala usilale ukiwa umeiegesha kinywani, usije ukaimeza.

Ukija mjini fikia kwangu, nitakusindikiza kwenye kliniki ya meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Njoo na kadi yako ya zamani na picha ulizopigwa wakati ule kama bado unazo, kwa kuwa daktari akizilinganisha na mpya ataona kama mfupa unaozunguka mzizi umebadilika.

Nisalimie watoto na Baba Neema.

Rafiki yako,
Mama Juma