Kijana wangu hana shetani, acheni kumuiga

Mhariri, salamu kutoka Langoni, Lamu. Mimi nina kijana wa miaka 13, ana usonji (autism), yaani ubongo wake unaelewa watu na mambo kwa njia tofauti, na pia ana hizi wanaita tiki, yaani macho yanapepesa yenyewe, bega linaruka, anakohoakohoa na wala hana kikohozi. Juzi alikaa barazani na wenzake wanakula mabuyu, dakika chache tu wakaanza kumuiga, huyu anapepesa, yule anarusha bega, wote wanacheka na yeye akacheka nao maana hajui wanamcheka yeye, halafu kufika nyumbani ndo akaniuliza, mama, wale ni marafiki zangu? Nikakosa jibu, nikamkatia embe.

Watu wazima ndo wabaya zaidi wallahi. Mara nimpeleke kwa mganga, mara eti ni kukosa adabu. Jamani, daktari Mfaransa Gilles de la Tourette aliandika habari za hizi tiki tangu 1885! Ni ubongo, na ukimgombeza akipata wasiwasi ndo zinazidi. Kuzizuia anaweza kidogo, kama unavyobana chafya, lakini akizibana darasani hasikii tena mwalimu anasema nini. Wengine wakikua zinapungua.

Walimu wa shule na wa madrasa, bega likiruka nyie endeleeni na somo. Na apatikane mtoto wa kukaa naye mapumziko, mmoja tu, watu wengi hata hapendi.

Mama Kijana, Lamu