Kwako uliyenishika mkono usiku wa dilka

Mdogo wangu,

Asalaam aleikum. Kopo limerudi. Yule kijana wa jirani niliyempa akuletee Doha amelirudisha hapa Bombo, Uganda, wiki iliyopita, selotepu yangu ya kahawia bado nzima, jina lako juu yake kwa mwandiko wangu. Anasema ulimwambia, "Mpelekee ahsante, ila mimi situmii." Hukulifungua hata kunusa.

Yalikuwa mafuta ya yaa tu, yale ya mti wa shea, mtoto wa mama mdogo. Hayana kitu kingine ndani. Nayanunua kwa mama mmoja wa Lira anayeshuka na basi la usiku, na kila akija ananiambia miti inakwisha, watu wanaikata mkaa. Yaa ya huku kwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi. Ukiiacha dirishani mchana inageuka uji. Ndiyo maana nilizungusha selotepu mara nne. Si kwamba nilikuwa naficha kitu.

Simu zangu hupokei, basi naandika hapa, watu wasome. Kusema mbele ya watu ulianza wewe.

Unaujua usiku ninaousema. Uani kwa bibi, moshi wa kuni za talhi umejaa mpaka mbuzi wanapiga chafya, wanawake wamejifunga gurbaba zao za rangi zote. Mimi nimekaa na bakuli la dilka, ule udongo wa manukato wa kusugulia ngozi, tangu saa kumi. Niliikanda mwenyewe, unga wa mtama, karafuu, liwa, nikaifukiza siku tatu kama alivyotufundisha bibi: unaipaka ndani ya bakuli, unalifunika juu ya moshi, unaibandua, unaikanda tena, mpaka inashika rangi ya ukwaju na harufu inayoingia hata kwenye meno. Bibi harusi nilikwisha kumsugua. Takataka za ngozi zilikuwa zinadondoka kwenye mkeka kama mabaki ya kifutio cha shule, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu shangazi akasema, na huyu wa Arabuni naye asuguliwe, viyoyozi vimemkausha. Ukacheka. Ukaja ukakaa mbele yangu, ukavua ushungi. Nikachovya vidole kwenye mafuta, nikakugusa shavu.

Ukanishika mkono. Wala hukunishika kwa nguvu. Ukaulaza kando ya mkono wako, chini ya ile taa ya sola, ukasema: "Jamani, tazameni. Mpishi huyu chakula chake hali."

Kimya. Kisha mtu akacheka. Aliyecheka wa kwanza alikuwa mama yangu mzazi.

Maneno yako nimeyasamehe, kweli. Kicheko kile ndicho sijui nikipeleke wapi. Mama haongei habari hiyo, mimi siulizi, na kila nikimpakulia chakula nakisikia.

Sasa na mimi niseme, habari za ile krimu ya kuchubua rangi niliyokuwa nauza. Mwaka 2017, wiki sita kabla ya harusi yako, ni nani alimfuata mwenziwe? Ulikuja dukani kwangu Kikuubo, Kampala, kwa miguu yako, umepenya katikati ya wabeba mizigo, umeshika simu yenye picha ya msichana sijui wa wapi. "Dada, nataka nifanane na huyu." Nilikwambia rangi yako haina kasoro. Nilisema. Pengine nilisema kwa sauti ndogo, duka lilikuwa na wateja, lakini nilisema. Na kama nisingekukorogea mimi ungevuka njia ukanunua kwa mwingine, vile vikopo visivyo hata na karatasi, Mungu ajua vina zebaki kiasi gani ya kukuulia figo. Mimi angalau nilikuchagulia.

Beseni la kijani, mwiko wa mbao. Losheni ya kawaida ya jumla, juu yake ile yenye hidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, juu yake tyubu za klobetasoli, dawa ya ukurutu ambayo kijana yeyote wa duka la dawa alikuwa anakuuzia bila karatasi ya daktari. Ulisimama ukitazama, ukaniuliza mbona linatoa joto. Nikakwambia ni kawaida. Wiki ya pili ulikuwa yai lililomenywa. Mlango mzima wa ukumbi uliimba rangi yako, na mwezi uliofuata walikuja wanawake kumi na mmoja, kila mmoja ananong'ona, "Nipe ile ya bibi harusi." Sikatai. Niliuza. Lakini ada ya mdogo wako, huyo huyo niliyekuwa namsugua usiku ule, muhula wa pili na wa tatu, ilitoka kwenye beseni hilo. Mbona hilo halikutajwa chini ya taa?

Na unachotaka kujua, kwa nini mimi sikupaka: nina pumu. Harufu ile inanibana kifua. Wote mnajua nina pumu.

Haya. Uso wako nitauzungumzia hata kama hutaki. Nilichukua picha ya harusi ya mdogo wako, nikaikuza hapo mashavuni, nikaenda nayo kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Mulago. Najua utakasirika. Yule mama aliitazama mara moja tu. Vile vidoa vya bluu-nyeusi kama machicha ya kahawa, anasema, ni okronosisi: hidrokwinoni ikikaa sana kwenye ngozi inayopigwa jua, inaanza kuitia weusi badala ya kuutoa. Na nyuzi nyekundu kando ya pua ni ile klobetasoli, imeila ngozi mpaka imekuwa nyembamba, mishipa inachungulia. Kosa wanalofanya wengi ni kuona doa jeusi wakalifukuza kwa krimu ile ile iliyolileta. Na kosa la pili ni kutupa kila kitu siku moja bila kumwona daktari, kwa maana uso uliozoea steroidi, dawa za jamii ya klobetasoli, ukinyimwa ghafla unalipiza: unawaka, unawasha, unatoa vipele mpaka mtu anarudi kwenye kopo akilia. Kama bado unapaka chochote, hata kidogo, hata usiku tu, muone daktari huko akushushe polepole. Nakuomba. Hapa sisemi kama muuza duka.

Jua la huko nalo usilidharau kwa kuwa unashinda ndani. Sisi tumezaliwa jirani na ikweta, ile inayokata barabara ya Masaka pale Kayabwe watu wanapopigia picha, tena juu ya mlima mrefu. Kampala iko kama mita 1,200 toka usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi. Ngozi nyeusi Mungu ameipa kinga yake, kama SPF 13 hivi, kile kipimo cha kukinga jua kinachoandikwa kwenye losheni, ndiyo maana bibi zetu walilima saa sita mchana wakazeeka na nyuso zao. Hii yako tuliimenya. Haina tena ile kumi na tatu. Basi losheni ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu, vidole viwili vizima kwa uso na shingo (watu wanapaka tone, kama wanapaka wanja), na ukiwa nje unarudia kila saa mbili. Zile nyeupe zinakuacha umefanana na mtoto aliyeanguka kwenye unga wa muhogo. Tafuta yenye rangi ya udongo, yenye oksaidi ya chuma, kwani hata mwanga wa kawaida unaokuonyesha njia unatia weusi kwenye madoa ya namna hiyo. Mimi natembea na mwavuli. Bombo wananiuliza, mama, mvua iko wapi?

Wasomaji mniwie radhi, nilisahau kwamba mpo.

Watu husema niliacha biashara ile kwa sababu ya serikali. Si uongo sana. Shirika letu la viwango liliingia madukani likakusanya. Kenya walipiga marufuku hidrokwinoni tangu 2001, huku kwetu tulikuwa tunajua tunachofanya. Lakini kilichonimaliza ni Rwanda. Mwanzoni mwa 2019 walipoanza kukamata krimu hizo kule, wateja wangu wa Kigali wakanyamaza kimya, na kabla Februari haijaisha mpaka wa Gatuna ukafungwa. Nikabaki na katoni ishirini na mbili. Ungependa niseme niliacha kwa ajili yako. Na mimi ningependa. Beseni bado ninalo, nafulia soksi.

Siku hizi nauza sabuni, yaa, mafuta ya simsim. Faida yake ni ya kununulia chumvi. Ila nimejifunza kujipendelea kwa vitu vidogo, kitu ambacho zamani nilikuwa nawauzia wengine tu. Ijumaa jioni nafunga mapema. Nachemsha maji na mchaichai, naoga ya vuguvugu, si yale ya moto yanayong'oa mafuta yote mwilini, na kabla sijajifuta vizuri napaka yaa kiganja kimoja, ngozi ikiwa bado ina maji. Hapo ndipo yanaingia. Ukipaka kwenye ngozi kavu unapaka shuka. Machicha ya kahawa nachanganya na sukari na simsim, kwa viwiko na magoti, usoni kamwe. Wale vijana wa Kampala wanaotembea na vikapu vya rangi za kucha nao wananijua: nakaa kwenye kibao kando ya njia, kijana amenikalia chini anasugua visigino vyangu na jiwe, ananisimulia habari za mpira nisizozielewa. Jiwe na mkasi nabeba vyangu, yake yamepita miguu mingi. Shilingi elfu chache hizo, na nusu saa hakuna anayeniita mama fulani.

Na mara moja kwa mwezi nakaa dukhani, juu ya shimo la moshi wa talhi, najifukiza mwili. Peke yangu.

Wewe unakumbuka ile mara yetu. Bibi alikuwa hataki msichana asiyeolewa hata kuchungulia lile shimo, na sisi siku amekwenda matangani tukawasha talhi wenyewe, tukakaa wawili chini ya blanketi moja la kijivu, magoti yamegusana, tunakohoa, tunazibana vinywa. Tukadhani tukioga haitajulikana. Harufu ilikaa siku nne! Bibi aliponusa kichwa chako tu akavua kandambili. Lakini kabla ya kuchapwa, wakati tumetoka na jasho limekauka, tulikaa kizingitini tukalinganisha mikono yetu. Rangi moja. Asali ile ya porini. Ukasema, hakuna atakayejua upi ni wa nani.

Kwa hiyo siku ile, uliponilaza mkono kando ya wako, kwa sekunde moja nilidhani unanikumbusha hiyo. Nilikwisha anza kutabasamu. Wanawake wote waliniona nikitabasamu.

Nilisema ni pumu. Pumu ninayo. Na nikiulizwa sana huwa nasema pia kwamba mwenye duka hali mtaji wake. Ngoja niandike hili haraka. Mwaka 2016, beseni la kwanza kabisa nilipolikoroga, nilijipaka nyuma ya sikio la kushoto, mahali pasipoonekana. Paliwasha siku tatu, pakabambuka. Nikapaosha na maziwa, nikajifunga kitambaa mpaka pakapona. Nikaendelea kuuza. Mwaka uliofuata ukaja wewe na picha yako.

Mama hajui. Alicheka tu, labda kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Kopo nimelifungua mwenyewe jana. Yaa imetulia, haijaharibika, imeshika harufu ya sanduku la safari. Nimepunguza kidogo nikapaka viwiko, iliyobaki nimeihamishia kwenye chupa ya kioo, ya wazi, uone kilichomo. Binti wa shangazi anaondoka kwenda Doha kabla ya Shaaban kuisha, naye nimempa. Selotepu safari hii sitaweka.