Huyu mama hakuangushwa na wapiga kura

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimecheka peke yangu pale ulipouliza kama nimeishiwa cha kusoma hadi nihangaike na Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza aliyetoka madarakani mwaka 1990. Simpendi, kama ndicho ulichotaka kujua. Ila wewe mwenyewe uliniambia umesoma nadharia za demokrasia mpaka macho yakauma, na bado hujui mamlaka yanakaa wapi hasa. Mimi nimeona afadhali nimshike waziri mkuu mmoja, nimfuate tangu anaingia ofisini hadi anafunga mizigo.

Nina daftari. Kila tukio naliandikia swali lilelile pembeni: siku hiyo, nani angeweza kumng'oa? Jibu halikai mahali pamoja, na hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua chaguzi zake. Mwaka 1979 chama chake cha Conservative kilipata kura kama milioni 13.7 na viti 339. Mwaka 1983 kura zikashuka hadi kama milioni 13.0, viti vikapanda hadi 397. Nilipoandika tarakimu hizo nilidhani nimekosea kunakili, nikarudi kuangalia tena. Kumbe ni sawa kabisa. Wapinzani walikuwa wamegawana kura: chama cha Labour asilimia 27.6, na muungano wa vyama viwili vidogo, Liberal na SDP, asilimia 25.4. Sasa tazama viti: Labour 209, muungano 23! Kura za Labour zilirundikana kwenye majimbo yao ya viwandani, za muungano zilitapakaa nchi nzima kama chumvi kwenye maji. Na Uingereza anayeongoza jimboni huchukua kiti, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomtaka.

Najua utaniambia ni vita vya 1982 na Argentina juu ya visiwa vya Falkland vilivyomwokoa. Vilimsaidia, sikatai, mwanzoni mwa 1982 wasio na kazi walikuwa wamepita milioni 3, na wengi walishamzika kisiasa. Lakini vita peke yake haviwezi kueleza viti 397. Basi kwenye daftari, mbele ya miaka hiyo, nimeandika: wapiga kura wangeweza kumng'oa, ila hawakuwa upande mmoja.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Serikali iliipa jina rasmi la upole, lakini hili la mtaani ndilo lililoshinda. Zamani halmashauri zilitoza kwa thamani ya nyumba. Sasa kila mtu mzima katika halmashauri moja alitakiwa alipe kiasi kilekile, mwenye kasri na mfagizi wake, ingawa maskini sana walipunguziwa. Walianza na Scotland mwaka 1989, mwaka uliofuata ikafika England na Wales. Machi 31, 1990, maandamano ya kuipinga yaliishia kwa vurugu kubwa pale Trafalgar Square, London. Ila nadhani vurugu zile hazikuwatisha wabunge wake kama uchaguzi mdogo wa Eastbourne, Oktoba ya mwaka huohuo, ambako walipoteza jimbo waliloliona lao. Mbunge anaweza kuvumilia moshi mjini. Kiti chake ni habari nyingine.

Sasa fuatana nami Novemba, maana hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo vitabu vyako havikunieleza. Geoffrey Howe, naibu wake, mtu wa sauti ya chini, alijiuzulu, hasa kwa sababu ya ugomvi juu ya Ulaya. Ndiye pekee aliyekuwa amebaki naye kutoka baraza la kwanza la 1979. Tarehe 13 akasimama bungeni, kamera zikiwa zimeruhusiwa humo kwa mwaka mmoja tu, akasema kutumwa na Thatcher kujadiliana na Ulaya ni kama kupeleka wachezaji wa kriketi uwanjani, halafu wakagundua nahodha wao ameshavunja magongo yao kabla ya mchezo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wiki moja baadaye wabunge wa Conservative wakapiga kura ya uongozi. Thatcher 204, mpinzani wake Michael Heseltine, waziri wake wa zamani, 152. Ameshinda, siyo? Hapana. Kanuni za chama zilimtaka amzidi mpinzani kwa asilimia 15 ya wabunge wote 372, yaani kura 56. Alimzidi kwa 52, kwa hiyo ilibidi kura irudiwe. Wawili tu wangehama kambi, angepita siku ileile. Yeye mwenyewe alikuwa Paris kwenye mkutano wa wakuu wa nchi.

Aliporudi akawaita mawaziri wake mmojammoja. Wengi walimwambia maneno yanayofanana: mimi nakuunga mkono, lakini huwezi kushinda. Nimeisoma sehemu hiyo mara tatu. Wanakuaga huku wakikuapia utii! Asubuhi ya tarehe 22 akatangaza kung'atuka, na mchana huohuo akasimama bungeni kujibu hoja ya Labour ya kutokuwa na imani na serikali yake, akaijibu kwa uchangamfu hadi wabunge waliomtosa wakamshangilia. Mtu aliyeshinda chaguzi kuu tatu na hajapoteza hata moja. Kwenye daftari, mbele ya tarehe hiyo, nimeandika: watu 372.

Nchi haikupiga kura hata moja, na waziri mkuu akabadilika. Uhalali ule John Major, aliyemrithi, aliutoa wapi hadi uchaguzi wa 1992? Mimi nasema kwa bunge, maana raia humchagua mbunge, si waziri mkuu. Wewe najua utabisha, kwa hiyo nijibu kwa urefu, usinitumie mistari miwili kama mara iliyopita.

Daftari lina kurasa zimebaki. Namwanza Clement Attlee, waziri mkuu wa Labour wa zamani, na nitaanzia mwishoni: mwaka 1951 chama chake kilipata kura nyingi kuliko Conservative, kikatolewa madarakani.

Wako wa siku zote.