Aliyemng'oa Tsar si Lenin

Mhariri,

Kila Novemba inapokaribia, hurudi ile kauli kwamba Lenin ndiye aliyempindua Tsar wa Urusi. Imo redioni, imo kwenye makala za kumbukumbu, na wanafunzi huiandika kwenye mitihani bila wasiwasi. Sisi tuliokua tukisoma vile vitabu vya bei poa vilivyochapwa Moscow kwa Kiswahili tuna udhuru kidogo, maana humo Lenin alikuwa kila ukurasa. Lakini kauli hiyo si kweli, na inawanyang'anya haki yao watu walioifanya kazi yenyewe.

Siku Tsar Nicholas II anang'atuka, Lenin alikuwa Zurich, mkimbizi wa siasa. Trotsky, mwanamapinduzi mwenziwe, alikuwa New York, na Stalin uhamishoni Siberia. Januari ya mwaka huohuo wa 1917 Lenin alikuwa amewaambia vijana wa Uswisi kwamba watu wa umri wake huenda wasiishi kuyaona mapambano ya mwisho ya mapinduzi yanayokuja. Wiki chache baadaye ufalme ukaanguka.

Walioanza ni wanawake. Alhamisi ya 23 Februari kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule (kwetu ni 8 Machi, Siku ya Wanawake), wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika mtaa wa Vyborg, jijini Petrograd, mji mkuu wa wakati ule, waliweka kazi chini. Wengi walikuwa wakishinda zamu nzima kiwandani, kisha wanapanga foleni ya mkate kwenye baridi kali, waume zao wako vitani tangu 1914. Wanachama wa chama cha Lenin mtaani humo walikuwa wamewasihi wasigome siku hiyo, eti wakati haujafika. Hawakusikilizwa. Wanawake walikwenda hadi kwenye viwanda vya chuma, wakarusha mabonge ya theluji madirishani na kuwaita wanaume watoke. Kufikia Jumamosi waliogoma walipita laki mbili.

Hata hivyo, migomo peke yake haikutosha kumng'oa Tsar. Mwaka 1905 watu walioandamana kwa amani wakiwa na picha takatifu, wakiongozwa na kasisi Gapon, walipigwa risasi, na Nicholas akaendelea kutawala miaka 12. Safari hii pia aliamua vivyo hivyo. Akiwa Mogilev, makao makuu ya jeshi, alimpigia simu ya maandishi Jenerali Khabalov, mkuu wa jeshi la Petrograd, akimwamuru akomeshe fujo za mji mkuu kesho yake. Jumapili ya tarehe 26 askari walifyatua, na katika uwanja wa Znamenskaya watu wengi walikufa.

Usiku ule ndio ulioamua kila kitu, na ndio usioandikwa. Askari wa kikosi cha Volynsky, waliokuwa miongoni mwa waliofyatua, walirudi kambini wakaanza kuulizana. Sajini mmoja, Timofei Kirpichnikov, alikubaliana na wenzake kwamba hawatoki tena kupiga watu. Asubuhi walimuua ofisa wao, wakaenda kambi za jirani kuwaita wengine. Kufikia jioni ya Jumatatu maelfu kwa maelfu ya askari wa Petrograd walikuwa upande wa wananchi, na Khabalov karibu hakuwa na wa kumwamuru.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Treni ya Tsar ilizuiwa njiani, ikaishia Pskov. Huko majenerali wake wenyewe, baada ya Jenerali Alekseev, mnadhimu mkuu wa jeshi, kuwauliza mmoja mmoja kwa simu za maandishi, walimshauri aondoke. Tarehe 2 Machi, kwa kalenda ileile ya Urusi, alisaini kung'atuka, akimruka mwanawe mgonjwa, Alexei, na kumwachia ufalme mdogo wake, Mikhail. Mikhail aliuliza kama usalama wake utahakikishwa. Akajibiwa hapana, na kesho yake akakataa kiti. Ukoo wa Romanov ulikuwa umetawala tangu 1613.

Najua nitaambiwa kwamba bila Oktoba, yaani mapinduzi ya Lenin ambayo kwa kalenda yetu huangukia Novemba, hiyo Februari isingekuwa na maana. Huo ni mjadala mwingine. Mimi nazungumzia nani alimpindua nani. Lenin alifika Petrograd mwezi Aprili, kwa kalenda ileile ya zamani, akakuta hakuna mfalme. Alichokipindua Oktoba ni Serikali ya Muda ya waziri mkuu Kerensky, iliyoshika nchi baada ya Tsar, na wakati huo Urusi ilikuwa imekwisha kutangazwa jamhuri tangu Septemba. Nicholas alikuwa Tobolsk, Siberia, na familia yake, mahabusu kwa mwezi wa nane.

Basi, Mhariri, makala ya Novemba ikija mezani kwako, iache izungumzie Oktoba. Ya kumwangusha Tsar itengewe nafasi mwezi Machi, na picha ya juu iwe ya wale wanawake wa Vyborg. Picha za maandamano ya wanawake wa Petrograd mwaka huo zipo.

Msomaji wako,
Tanga