Gharama za jengo haziishi siku ya kukabidhiwa funguo

Mhariri,

Tangu Serikali ilipoanza, mwaka 2016, kuutekeleza kwa vitendo uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, mji huu umekuwa ukijengwa kwa kasi ambayo wakazi wake wa zamani hawakuizoea. Ofisi, hosteli na nyumba za kupangisha zinainuka kila upande, na siku hizi si ajabu kusikia katika hafla ya jiwe la msingi kwamba jengo litakuwa rafiki wa mazingira. Naomba nafasi nieleze, kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni ukadiriaji majenzi, kwa nini ahadi hiyo huishia mara nyingi kwenye hotuba.

Sababu kubwa si ujinga wa wasanifu. Michoro ya awali ninayoletewa mezani huwa na vivuli juu ya madirisha, baraza, na matundu ya kupitishia hewa. Tatizo huanza pale makadirio yanapozidi bajeti, jambo ambalo hutokea karibu katika kila mradi. Hapo kikao huitishwa kutafuta cha kupunguza, na vinavyofyekwa mwanzo ni vile vinavyoonekana kama mapambo: vipande vya zege vya kukinga jua, upenu mpana, tangi la maji ya mvua. Viyoyozi haviguswi, kwa kuwa aghalabu hununuliwa baadaye kwa fungu jingine, na umeme wake hulipwa kwa fungu la tatu. Katika taasisi za umma jengo hutoka kwenye fedha za maendeleo ilhali bili ya umeme hutoka kwenye matumizi mengineyo. Katika nyumba za kupangisha, bili ni shauri la mpangaji na Luku yake. Anayekata kivuli hatamlipia mtu umeme, na ndiyo maana anakikata bila kusita.

Kivuli chenyewe wala si ghali kama kinavyodhaniwa. Dodoma ipo takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa juu mwaka mzima. Hata mwezi Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kuliko wakati mwingine wowote, huwa kwenye kimo cha digrii 60 hivi. Kwa dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita moja na nusu, kipande cha zege kinachotokeza sentimita 90 kinatosha kulizuia jua hilo la adhuhuri lisiguse kioo, na kwa dirisha la kusini inatosha nusu ya kipimo hicho na ushei kidogo. Mashariki na magharibi ni habari nyingine, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini, likapenya chini ya upenu wowote. Dawa yake ni kulilaza jengo ili pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na kupunguza vioo upande wa magharibi. Uamuzi huo ukifanywa siku ya kwanza hauongezi hata shilingi moja kwenye makadirio. Msingi ukishachimbwa, hakuna fedha itakayoweza kuligeuza jengo. (Maofisa mipango miji nao wana sehemu yao katika hili, maana kiwanja chembamba kilichopimwa vibaya humfunga msanifu mikono kabla hajashika kalamu.) Pamoja na hayo, bado tunavika majengo vioo vya aina moja pande zote nne, kana kwamba jua halina upande linakotoka.

Linalonikera zaidi ni mchoro wa Dar es Salaam kuletwa Dodoma bila kubadilishwa kitu isipokuwa jina la mradi. Pwani, hewa ina unyevu mwingi na usiku haupoi sana, kwa hiyo jengo huhitaji kupitisha upepo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Dodoma ipo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, hewa yake ni kavu, na usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Huku kinachofaa ni kuta nzito zinazopoa usiku na kuchelewa kupata joto mchana, jambo ambalo Wagogo walilijua walipojenga tembe zenye paa la udongo. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililosanifiwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo bila mfumo wa kawaida wa viyoyozi: feni huvuta hewa ya usiku ikapoza zege la sakafu, na zege hilo hupokea joto la mchana unaofuata. Watu hulitaja kama mfano kwa Afrika nzima, lakini wanasahau kwamba Harare ipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ukilinakili Dar es Salaam, joto litakesha ndani. Dar es Salaam ina mwalimu wake palepale, nalo ni Soko la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo miavuli yake ya zege hutoa kivuli kipana huku hewa ikipita chini yake.

Kuhusu maji, hesabu ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Dodoma hupata kiasi cha milimita 550 kwa mwaka, hivyo paa la mita za mraba 1,000, hata ukitoa moja ya tano kwa upotevu, hukusanya lita 440,000. Ugumu ni kwamba mvua yote hiyo hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo gharama iko kwenye tangi, na tangi lisipochimbwa pamoja na msingi halichimbwi tena.

Wapo watakaosema kwamba umeme sasa upo, tena wa maji, kutoka Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Ni kweli, ingawa bili bado italipwa. Lakini umeme unapozidi kuwa safi, uchafuzi uliomo ndani ya vifaa vya ujenzi ndio unaobaki kuwa mzigo mkubwa. Saruji peke yake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na zaidi ya nusu ya sehemu hiyo hutoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa, wala si kwenye kuni au makaa ya tanuri. Kwa nyumba za ghorofa moja, matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yasiyochomwa, yanapaswa kuwa chaguo la kwanza na si la maskini.

Hata jengo lililosanifiwa vizuri huharibiwa na matumizi. Nimeona ukumbi uliobuniwa upitishe upepo ukigawanywa vyumba vitatu kwa jipsamu mwaka wa pili tu, na kila chumba kikafungiwa kiyoyozi chake.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inasisitiza thamani ya fedha. Napendekeza thamani hiyo ipimwe kwa miaka 30 ya matumizi, si kwa bei ya mkandarasi peke yake. Kikao kinapotaka kuondoa kivuli au tangi, mkadiriaji atakiwe kuandika katika safu ya pili gharama ya umeme na maji itakayoongezeka, na mwenye fungu la matumizi mengineyo aketi kikaoni na kutia saini. Baada ya kukabidhiwa, kila ghorofa iwe na mita yake, na mabadiliko yoyote ya kuta za ndani yapate idhini ya msanifu wa jengo. Majengo ya umma yanayosubiri zabuni sasa yanaweza kuanza na utaratibu huu bila kusubiri sheria mpya.

Mkadiriaji majenzi,
Dodoma.