Tairi Likilika Upande Mmoja, Usilitupe Kabla Halijakaguliwa

Ukinunua matairi mapya, usiyaache makuukuu dukani. Yatie kwenye buti uje nayo. Wateja wengi hutufikia hapa gerejini Shimanzi, Mombasa, wakiwa wameshabadilisha matairi, wameshalipa, na wanachotaka ni alaimenti tu, yaani kupima na kurekebisha mkao wa magurudumu, ili mapya yasilike kama yale ya mwanzo. Nia ni njema. Lakini tairi lililolika ndilo lenye habari ya kilichoharibika chini ya gari, na likishatupwa fundi hubaki kukisia mambo ambayo angeyajua kwa kupitisha kiganja tu.

Tuanze na upepo, kwa sababu si kila tairi linalolika vibaya lina shida ya alaimenti. Tairi lililolika mabega yote mawili huku katikati pakiwa pazima limetembea muda mrefu na upepo mdogo. Lililolika katikati peke yake lilijazwa kupita kiasi. Hapo hakuna haja ya mashine ya alaimenti. Unahitaji geji, na ile karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva inayotaja kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla hujatoka. Ukishatoka Mtwapa hadi mjini kwenye jua la saa saba, tairi limepata moto na upepo umepanda, na geji itakuonyesha kwamba umetosha kumbe bado.

Tairi lenye mabonde mabonde kuzunguka, hapa pamelika, hapa pamebaki, mara nyingi linalalamikia shokabzoba zilizochoka, au gurudumu ambalo halijafanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito wake pande zote. Na balansi si alaimenti. Usukani ukitetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa kisha ukatulia ukipunguza mwendo, angalia balansi kwanza.

Sasa kulika upande. Egesha gari mahali tambarare, kata usukani hadi mwisho, kisha uiname uangalie tairi la mbele, hasa ule upande wa ndani unaotazama injini. Huko ndiko watu wasikoangalia. Tairi linaweza kuonekana zima kabisa ukisimama kando yake, na huku ndani limeshakuwa kipara na nyaya zimeanza kutokeza. Ukiona nyaya, usipapase, na usiendelee na safari. Kama nyaya hazijatokea, tafuta ndani ya mitaro vile vituta vidogo vya mpira. Vina kimo cha milimita 1.6, na sehemu yoyote ya tairi iliyolika hadi usawa wavyo, sehemu hiyo imekwisha, hata upande wa pili ukiwa bado na mitaro mirefu. Mvua za masika zikianza, tairi la namna hiyo haliwezi kuyatoa maji chini yake na gari huelea.

Kisha pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kirudishe. Ikiwa ni laini ukienda na pana makali yanayokwaruza ukirudi, au kinyume chake, karibu kila mara shida ni kipimo ambacho mafundi hukiita tou, yaani magurudumu mawili hayaelekei mbele sawasawa: ncha zake za mbele zimefunga kwa ndani au zimefungua kwa nje. Gurudumu la namna hiyo huviringika huku likiburutwa kando, kama mtu anayeburuta ndara. Upande unaokwaruza hutuambia kama yamefunga au yamefungua. Hii ndiyo kasoro inayokula matairi haraka kuliko zote, na hesabu yake si ngumu. Gurudumu lililopinda digrii 1 tu kutoka mwelekeo wa safari huburutwa kando mita 17 na ushei katika kila kilomita. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, kwa hivyo tairi limeburutwa zaidi ya kilomita 2 kabla hujashuka kunywa maji. Digrii 1 huwezi kuiona kwa macho. Ndiyo maana hatukubali kupima kwa kamba na jicho.

Ikiwa tairi limelika upande mmoja lakini ni laini kote, huku na huku, basi shaka inahamia kwenye kemba, yaani gurudumu kuinama, kichwa chake kikiingia ndani au kutoka nje. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Katika magari mengi madogo yanayozunguka mji huu, Vitz, Fielder, Probox, Demio, kemba ya mbele haikuwekewa pa kurekebisha kiwandani. Kinachorekebishwa ni tou peke yake. Kwa hivyo kemba ikitoka mahali pake, kuna kitu kimepinda au kimelegea: bushi (mipira) za lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, boljointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kukata), au mguu wa shokabzoba uliopigwa na shimo. Ukiambiwa kemba imerudishwa sawa na hakuna spea iliyobadilishwa wala bolti maalumu iliyotiwa, omba uonyeshwe kilichofanywa. HiAce ni tofauti; mbele imejengwa ikiwa na pa kurekebisha, lakini nayo ikishuka kimo kwa kazi ya miaka, kipimo huhama.

Kuna kipimo cha tatu kwenye karatasi ya mashine, kasta, yaani mhimili ambao gurudumu hukatia kuegemea mbele au nyuma. Hicho hakili tairi sana. Hufanya gari livute upande mmoja au usukani usirudi wenyewe baada ya kona.

Imani yetu ni hii, na tumewahi kupoteza wateja kwa kuishikilia: hatufanyi alaimenti juu ya gari lililolegea. Mteja huja na haraka, anasema, "Fundi, nitilie alaimenti tu, hayo mengine nitarudi mwezi ujao." Tunamwambia, bwana, au mama, ukilipa leo utalipa tena mwezi ujao. Bushi iliyokufa huliacha gurudumu lihame kila ukikanyaga breki. Vipimo vitatoka vizuri gari likiwa limesimama juu ya mashine, na vitakuwa vimeshapotea ukifika kwenye matuta ya kwanza. Kwa hivyo kabla ya mashine tunaendesha gari, tunalipiga jeki, tunashika gurudumu kushoto na kulia na kulitikisa tukitafuta kulegea kwenye tairodi, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, kisha juu na chini tukitafuta boljointi na beringi. Bushi tunazikagua kwa mtaimbo. Kilicholegea tunakuonyesha kwa macho yako, ukishike mwenyewe.

Hewa ya chumvi nayo ina sehemu yake. Nati zinazofunga tairodi hushikana kwa kutu, hasa kwa magari yanayolala karibu na bahari, na wakati mwingine kazi ya kuzifungua huchukua muda mrefu kuliko alaimenti yenyewe. Fundi mwenye pupa huona afadhali azungushe upande mmoja unaofunguka na kuuacha ule ulioganda. Tou itasoma sawa, lakini usukani utakaa umepinda ukienda moja kwa moja. Kisha huja lililo baya zaidi: anauchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Jambo hilo usilikubali. Usukani hunyooshwa kutoka chini, kwenye tairodi zote mbili. Kwenye magari yenye kifaa kinachosoma mzunguko wa usukani, kuuchomoa ovyo huweza kuwasha taa kwenye dashibodi na kuzua tatizo jingine.

Wengine wameinua gari kwa spesa, vile vipande vinavyotiwa kwenye springi au shokabzoba, ili lisigonge chini. Hilo tunalielewa, tunazijua njia za Kisauni na Mikindani baada ya mvua. Lakini kimo kikibadilika, tou na kemba hubadilika pia. Spesa zikitiwa, alaimenti ni lazima. Vivyo hivyo baada ya kubadilisha tairodi, lowa amu au shokabzoba, na baada ya kuingia shimo kwa kishindo. Kama hakuna lolote kati ya hayo, kagua kila kilomita 10,000 hivi.

Swali jingine tunaloulizwa mno: "Mbona gari bado lavuma na nimeshalipa alaimenti?" Alaimenti husimamisha kulika kusiendelee, mpira uliokwisha haurudi. Tairi lililoshaota makali litaendelea kuvuma mpaka libadilishwe. Ila mvumo ukibadilika ukikata kidogo kushoto au kulia, mwambie fundi, huenda ni beringi.

Na kuhusu gari kuvuta: barabara nyingi zimejengwa zikiwa na mgongo katikati ili maji yateremke kando, nasi tunaendesha kushoto, kwa hivyo hata gari zima huelekea kushoto kidogo kidogo. Hilo si kosa. Likivuta kwa nguvu, au likivuta kulia, hapo pana jambo. Mara nyingine ni tairi lenyewe, na tunalijua kwa kubadilishana matairi mawili ya mbele, kulia kwa kushoto, tukiangalia kama mvuto nao umegeuka.

Unapokuja, njoo na gari katika hali yake ya kawaida. Kama Probox yako kila siku hubeba magunia kutoka Kongowea, tuambie, maana gari lililobeba hukaa tofauti na lililo tupu. Utapewa karatasi mbili, ya vipimo vya kabla na ya vipimo vya baada. Ya kabla usiikubali iwe ahadi ya mdomo, idai. Baada ya kilomita kama 1,000, pitisha tena kiganja juu ya matairi ya mbele. Ukihisi makali yameanza upya, rudi na ile karatasi. Tutapima tena bila malipo.