Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: lithiamu itarudi dirishani lini?

Mheshimiwa Daktari,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimelazimika kuandika hadharani kwa sababu barua mbili nilizoziacha mapokezi ofisini kwako, moja ikiwa na muhuri wa mtendaji wa kata, hazijajibiwa, na kwa sababu Alhamisi iliyopita dirisha la dawa lilinirudishia cheti cha mume wangu kikiwa kimeandikwa, kwa mara ya nne mfululizo, herufi mbili ambazo sasa hata mwanangu wa darasa la pili anazijua: OS. Maana yake, dawa hakuna.

Mume wangu ni fundi seremala na ana bipola. Naeleza kidogo, kwa kuwa nimegundua kwamba hata baadhi ya wanaotuhudumia wanadhani ni bangi au hasira. Ni ugonjwa wa hisia wenye pande mbili. Upande wa mania wengi hawauoni kuwa ni ugonjwa, kwani mgonjwa huonekana mchangamfu kuliko sisi wazima: halali, anaongea bila kituo, na fedha haikai mkononi. Mwezi wa pili, wiki ya tano bila lithiamu, dawa yake ya kuzituliza hisia, alikesha siku 4 akiranda mbao za madawati 200 ambayo hakuna shule iliyoyaagiza, na mbao hizo alizinunua kwa fedha za watu waliokwisha kumlipa awapatie makabati. Watu hao bado wanakuja, na mimi ndiye ninayewafungulia mlango. Sasa ameangukia upande wa pili, sonona: haogi, hali mpaka abembelezwe, anaamka saa tisa usiku na kukaa kizingitini bila neno, na randa yake imeota kutu.

Kabla ya hapo alikunywa lithiamu miaka 6 na hakulazwa hata mara moja. Si dawa mpya, Daktari: John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu. Wewe unayajua hayo kuliko mimi. Najikumbusha tu mwenyewe kila ninapoambiwa nikanunue nje, na hiyo nje iko mkoa mwingine, ambako nauli ya kwenda na kurudi ni chakula chetu cha siku 4.

Alhamisi hiyo, kwa huruma nadhani, tulipewa amitriptilini, ambayo ni dawa ya sonona, maana ndiyo iliyokuwepo. Sikuipokea. Daktari wa kwanza aliyemtibu, ambaye amekwisha kuhamishwa, alituonya kwamba mtu wa bipola akinywa dawa ya sonona peke yake, bila ile ya kuzituliza hisia, inaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania. Nikaitwa mkaidi mbele ya foleni nzima.

Sijui kosa liko wapi. Mmoja ananiambia oda haikutumwa, mwingine kwamba fedha zilielekezwa kwenye dawa zenye wagonjwa wengi. Mimi nahisi tu kwamba wagonjwa wetu hawana kelele zinazosikika, na wakizipiga wanaitiwa polisi. Mama mkwe, anayeamini ni pepo, ameuza mbuzi wawili kumlipa mganga wa kienyeji. Simlaumu sana. Yule mganga hajawahi kutuandikia OS.

Naamini hujasahau tarehe 10 Oktoba mwaka jana, Siku ya Afya ya Akili Duniani, uliposimama uwanjani ukatuhakikishia kwamba dawa hizi hazitakosekana tena katika mkoa huu. Tulipiga makofi. Mume wangu naye alipiga, akiwa amevaa fulana tuliyogawiwa, na jukwaa ulilosimama juu yake alilipigilia misumari yeye.

Nilikusudia kuomba mengi, kikiwemo kipimo cha kiwango cha lithiamu kwenye damu, kwa kuwa dawa hiyo ikizidi ni sumu, na figo nazo zinahitaji kuangaliwa. Lakini mtu hapimwi dawa asiyoinywa. Kwa hiyo naomba jambo moja, nalo ni tarehe. Nitajie siku ambayo lithiamu itakuwa dirishani, Daktari, hata kama ni mbali, nijue ni usiku mingapi nimebakiza ya kumlinda.

Kliniki yake ijayo ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Nitakuwa dirishani saa moja asubuhi, na cheti kilekile.

Wako mtiifu,
Mke wa fundi